Nzige au kwelea kwelea: nani hasa anammaliza mkulima wetu? (Uzi maalum)

Mwinga_Ndege (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu. Kuna jamaa kwenye uzi wa kilimo cha mpunga kasema kwelea kwelea ni kitu kidogo ukimlinganisha na nzige, na wengi wakamuunga mkono. Mimi nakataa, ila sikutaka kuharibu uzi wa watu mle ndani ndo mana nimefungua huu. Msimamo wangu nauweka mapema kabisa: nzige anatisha zaidi, lakini anayemfilisi mkulima mdogo wa nafaka ukanda huu ni kwelea.

Tuanze na nzige maana ndo maarufu. Nzige wa jangwani akiwa peke yake ni panzi tu kama panzi wengine, rangi ya udongo, mkimya, anaruka usiku, hana shida na mtu. Shida inaanza pale mvua inaponyesha jangwani, majani yanaota, wanazaliana, halafu majani yanakauka wanajikuta wamebanana kwenye vijisehemu vya kijani vilivyobaki. Wakishaanza kugusana gusana miguu ya nyuma, ndani ya masaa machache tu mwili unamwaga kemikali inaitwa serotonini na tabia inageuka, yule aliyekuwa anamkwepa mwenzake anaanza kumfuata. Wanasayansi walilionyesha hilo mwaka 2009. Baada ya hapo hata sura zinabadilika, tunutu (nzige wachanga) wanakuwa na manjano na weusi, wakubwa wanatoka na rangi ya pinki na wakikomaa wanakuwa njano. Yani ni mdudu yuleyule ila ukiwaweka pembeni ya wale wapweke unaweza kuapa ni aina mbili tofauti.

Kwelea hana mambo hayo. Huyu kazaliwa na kundi, analala na kundi, anakunywa maji na kundi. Ni kandege kadogo ka jamii ya mnana, gramu kama 20 tu hivi, mdomo mwekundu, dume wakati wa kuzaliana anavaa barakoa nyeusi usoni na jike mdomo wake unageuka njano. Ndo ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani, makadirio yanayotajwa sana ni bilioni 1.5 baada ya msimu wa kuzaliana. Na wote hao wapo Afrika kusini ya Sahara, kwahiyo ni wetu.

Sasa twende kwenye kula maana hapo ndo watu wanapochanganya.

Nzige mmoja anakula uzito wake kila siku, gramu 2. Kundi la kilomita moja ya mraba lina nzige milioni 40 mpaka 80, kwahiyo hapo ni tani 80 mpaka 160 za majani kwa siku moja, FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) wanasema kundi dogo la kilomita moja linakula sawa na chakula cha watu 35,000. Kwelea anakula kama gramu 10, nusu ya uzito wake. Kundi la kwelea milioni moja ni tani 10 kwa siku. Mtu akiona hapo anasema si umeona, nzige kashinda. Subiri kwanza mkuu. Zile tani za nzige ni majani, mabua, nyasi za porini, magome, kila cha kijani. Tani 10 za kwelea ni PUNJE. Anapoingia kwenye mpunga hagusi jani, anasubiri punje ikiwa bado na maziwa anaikamua, na nyingine anaziangusha chini bila kuzila. Anachukua kile hasa ulichokuwa unasubiri uvune, na anakuja mwishoni ukiwa umeshalipa trekta, mbegu, mbolea, palizi, vibarua wote. Nzige akila mche wako wa wiki mbili na mvua bado ipo unaweza kupanda tena. Kwelea akimaliza masuke hamna cha kupanda tena hapo, msimu umeisha.

Jambo la pili, mara ngapi. Nzige wa jangwani wanakuja kwa mlipuko. Ule wa 2019 mpaka 2021 chanzo chake ni vimbunga viwili vilivyopiga Uarabuni mwaka 2018, Mekunu mwezi wa 5 na Luban mwezi wa 10. Jangwa la Rub al Khali likapata maji sehemu ambazo hata watu hawaishi, nzige wakapiga vizazi vitatu mule bila mtu kuwaona, 2019 wakavuka kutoka Yemen kuingia Somalia na Ethiopia, mwisho wa Disemba 2019 wakawa Kenya, Februari 2020 Uganda, mwanzoni mwa 2021 makundi madogo yakaingia kaskazini mwa Tanzania. Kenya ilisemwa haijaona kitu kile miaka 70. Miaka sabini! Wengi walioshuhudia walikuwa hawajawahi kuona nzige wa kundi maishani mwao. Sasa niambie mkulima gani wa mpunga Mbarali au wa uwele Dodoma amekaa hata miaka mitano bila kusikia kwelea.

Jambo la tatu ndo linaloniuma zaidi na ndo halizungumzwi kabisa. Kwelea anakula hata shamba ambalo hajalifikia, nikiwa na maana anaamua watu walime nini. Mtama na uwele ndo mazao ya sehemu zenye mvua chache, kila mtaalam anasema limeni mtama, mahindi huku yanakauka. Mkulima anajua hilo kuliko huyo mtaalam. Lakini mtama suke lipo wazi juu, punje ndogo inaingia mdomoni vizuri, wakati hindi punje ni kubwa na limefunikwa na maganda, kwelea hahangaiki nalo. Kwahiyo mtu anapanda mahindi akijua kabisa mvua inaweza isitoshe, maana afadhali kubahatisha na mvua kuliko kushinda dunguni kufukuza ndege mwezi mzima. Hiyo hasara haiandikwi kwenye ripoti yoyote ya uharibifu.

Na kuamia kwenyewe (kulinda shamba dhidi ya ndege) mnajua, kuanzia punje inapoingia maziwa mpaka siku ya kuvuna, unaingia shambani kabla jua halijatoka, unatoka limeshazama, kupiga debe, teo, kamba za mikanda ya kaseti zinazopiga kelele kwa upepo, makelele. Na anayekaa huko mara nyingi ni mtoto. Ukienda vijiji vya mtama msimu wa masuke uliza darasa la tatu au la nne viti vingapi viko wazi.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti alete, ila alete kwa ushahidi.

Lmurrani_Wa_Wamba

Mkuu heshima kwako umeeleza vizuri lakini umeongea kama mkulima pekee. Mimi ni mtu wa Samburu, huku kwetu hakuna mpunga, kuna ng'ombe na mbuzi. Mwaka 2020 tuliona wingu linatoka upande wa kaskazini, jua likafifia, na wakitua mti unainama matawi kwa uzito wao. Walikula nyasi, walikula majani ya miti ile mbuzi wanategemea wakati wa kiangazi. Kwelea anakula mbegu ya nyasi, sawa, lakini nyasi yenyewe inabaki na ng'ombe anakula. Nzige haachi kitu. Kuna kundi lilipimwa kaskazini mashariki ya Kenya mwanzo wa mwaka huo likawa na kilomita 60 kwa 40, hebu piga hesabu hapo ni nzige wangapi. Kwa mfugaji usimlinganishe kabisa huyo ndege na nzige.

Mwinga_Ndege

Lmurrani nakubaliana na wewe, kwa mfugaji nzige ni balaa lisilo na mfano na ndo mana nikasema mkulima wa nafaka. Hiyo 60 kwa 40 ni kilomita 2,400 za mraba, hata ukichukua milioni 40 kwa kilomita unapata nzige karibu bilioni 100, kichwa hakiwezi kubeba hiyo namba. Na kasi yao ya kuzaana ndo inatisha, hali ikiwa nzuri wanaongezeka mara 20 kwa miezi mitatu, miezi sita mara 400. Kwelea anataga mayai matatu tu hivi, ila anachofidia ni haraka. Mayai yanaanguliwa kwa siku kama 10, kinda anatoka kwenye kiota wiki mbili baadae hivi, na koloni nzima inaenda pamoja kama wameambiana, mwezi na kitu wamemaliza wanahama wanafuata mvua, na wakikuta sehemu nzuri wanazaa tena msimu huohuo.

Ila kuna kitu kimoja nzige anakupa ambacho kwelea hakupi, nzige ana utoto wa chini. Tunutu hana mabawa, anatembea ardhini kwa wiki kadhaa, ukimkuta hapo umemkuta. Mayai yenyewe yapo kwenye mchanga wenye unyevu sentimita chache tu chini. Kwelea mtoto yupo juu ya mgunga wenye miiba katikati ya pori, na siku anapoanza kukuletea hasara ameshakuwa na mabawa tayari.

Bint_Kagera

Samahani naomba kuuliza, hivi hawa nzige wa jangwani ndo wale tunaowala sisi Bukoba? Maana 2020 kuna watu walikuwa wanacheka mitandaoni wanasema waleteni Kagera tuwamalize.

Panzi_Mtaalam

Hapana dada, senene ni jamii nyingine kabisa. Muangalie antena, senene ana antena ndefu nyembamba kuliko hata mwili wake, nzige antena zake fupi nene. Senene anaruka usiku anafuata taa, ndo mana mnawategea kwa taa kubwa na mabati, wakati nzige wa kundi wanasafiri mchana jua likishapasha mwili maana wana damu baridi, jioni wanatua. Hata kuwapulizia dawa kunafanywa asubuhi mapema wakiwa bado wamepoa hawajaruka. Kwa kwelea ni kinyume, wale unawafuata jioni jua linapozama wakiwa wanaingia kulala.

Halafu nyongeza kwa mleta uzi, umesahau kwamba Tanzania tuna nzige wetu wenyewe, nzige wekundu. Hao hawatoki Uarabuni, mazalia yao yapo hapa hapa, bonde la ziwa Rukwa, Iku Katavi, Wembere na bonde la Malagarasi. Baa lao kubwa lilianza 1930 likaenda mpaka 1944 wakatapakaa karibu nusu yote ya kusini ya Afrika. Halijarudi kwa ukubwa ule kwa sababu mazalia yanajulikana na yanakaguliwa, lipo shirika la pamoja la nchi zetu makao yake Ndola Zambia linafanya hiyo kazi. Na mwaka 2009 hapa hapa Tanzania walipulizia kuvu, sio sumu, ni kuvu anaitwa Metarhizium anayemuua nzige na jamaa zake panzi tu, ndege na samaki hawadhuriki. Kwangu hiyo ndo tofauti kubwa kuliko zote ulizotaja, nzige tunayo dawa safi, kwelea hatuna.

Mwinga_Ndege

@Panzi_Mtaalam hapo umegonga penyewe, na mimi nilitaka nifike huko.

Dawa ya kwelea ni fenthioni. Inapulizwa kwa eropleni, siku hizi hata ndege nyuki (droni), juu ya sehemu wanapolala. Januari 2023 Kenya walifanya hivyo kaunti ya Kisumu kwenye mashamba ya mpunga, lengo lilikuwa kwelea milioni 6. Sumu ile haichagui. Koloni ya kwelea ni karamu ya kila mnyama, tai wapo, korongo wapo, vipanga, bundi, nyoka, wote wamekuja kula makinda. Ukipuliza, kwelea wanaanguka, mwenye nguvu kidogo anatapatapa chini, tai anamuokota, tai naye anaondoka na sumu. Na watu nao wanaokota. Nawaomba sana mnaosoma hapa, kwelea aliyeokotwa chini sehemu iliyopulizwa hata kama anaonekana mzima USILE na usiwape watoto.

Tanga_Raha

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kuhusu kula mmenigusa. Nzige sisi Waislam ni halali hata akiwa amekufa mwenyewe, hadithi inajulikana, mizoga miwili tumehalalishiwa, samaki na nzige. Kwelea ni ndege wa nafaka hana kucha za kurarua kwahiyo ni halali pia lakini lazima achinjwe. Sasa ukinasa kwelea mia tano kwa wavu unachinja mmoja mmoja, kazi ipo lakini inafanyika, nimeona Kondoa wanafanya na wengi kule ni Waislam. Wanakaangwa wakavu, nyama kidogo ila tamu sana na ugali wa mtama.

Mzee_Wa_Uwele

Kondoa hapo ni kwetu kijana wangu. Sisi tuna mitego ya kapu ya kusukwa, hiyo ni tangu mababu, unaweka sehemu wanakoshuka kunywa maji, kwelea hana subira ya maji, wanashuka kwa maelfu kwa wakati mmoja wanakanyagana. Na nyavu zile nyembamba wanatega jioni njia ya kuingilia kulala. Kuna wataalam walishakuja kulinganisha njia hizi. Mimi nashangaa kwanini serikali inanunua sumu kwa fedha za kigeni wakati hii ni protini, vijana wanaweza kupewa nyavu na mafunzo, wakauza, na tai wakabaki. Sisemi itamaliza kwelea wote, kundi la milioni tano huwezi kulimaliza kwa kapu. Lakini koloni iliyopo karibu na kijiji unaipunguza na unapata kitoweo.

Agro_Singida

Shikamoo mzee. Na kuongezea upande wa mbegu, zipo mbegu za mtama kwelea hazipendi sana. Mtama mwekundu wa Serena na Seredo una tanini, ile inayofanya punje iwe chungu mdomoni, ndege akiwa na chaguo lingine anaiacha. Shida viwanda vya bia na walaji wengi wanataka mtama mweupe kama Macia, na huo ndo kwelea naye anaupenda. Kwahiyo mkulima anaambiwa lima wenye soko, wenye soko ndo wenye ndege. Hapo nipo pamoja na mleta uzi, nzige hana maswali ya mbegu gani, anakula yote, kwelea anacheza mpaka na bei yako.

Kitu kingine kinachosaidia ni kijiji kizima kupanda kwa pamoja. Ukipanda peke yako mapema au ukachelewa peke yako umejitangaza, kundi lote linatua kwako. Mkipanda wiki moja wote hasara inagawanyika. Na palilia, mpunga uliojaa nyasi zenye mbegu unawaita wenyewe maana chakula chake cha asili ni mbegu za nyasi pori, nafaka zetu anakimbilia zile zikiisha au zikishaota baada ya mvua za kwanza.

KijanaWaMbarali

Wakuu mi nina swali moja. Kama kwelea ni wabaya hivi kwanini tusiwamalize kabisa, ndege nyuki sasa hivi zipo, dawa zipo, tuwafute.

Panzi_Mtaalam

Imejaribiwa mkuu. Wamepuliziwa sumu miaka na miaka nchi nyingi, sehemu nyingine wamelipuliwa kwa baruti na petroli usiku wakiwa wamelala, na bado ndo ndege wengi kuliko wote duniani. Unaua milioni hapa, waliobaki wanazaa tena mara mbili tatu, na wengine wanahamia kutoka mbali kufuata mvua. Unachoweza kuokoa ni lile shamba lililo karibu na lile kundi kwa ule msimu, basi. Halafu kuna hili linawashangaza wengi, kwelea makinda siku za mwanzo wanalishwa wadudu, viwavi na panzi. Yani wakati wa kuzaliana kwelea yupo kazini anakula jamaa zake nzige.

KijanaWaMbarali

Duh sikujua hilo. Sasa huku kwetu mpunga ndo unatoa masuke, na upande wa porini kuna migunga imejaa viota vya nyasi vya mviringo vyenye tundu pembeni, mti mmoja una viota sijui mia na zaidi. Mwaka juzi tulitoa taarifa, wapulizaji wakaja wakati tumeshavuna tulichoachiwa. Tufanyeje?

Mwinga_Ndege

Hao ni kwelea mdogo wangu, na una siku chache. Nenda leo usisubiri wiki ijayo. Tembea na mwenzio mhesabu makadirio ya miti yenye viota, angalia kama ndani kuna mayai au makinda, mkikuta makinda yana manyoya muda umekwisha karibu, hao wakiruka ndo shamba linavamiwa na wazazi na watoto pamoja. Andika eneo lipo umbali gani na mto au bwawa na umbali gani na nyumba za watu, piga picha, chukua na alama ya ramani kwenye simu. Peleka kwa afisa ugani wa kata na nakala wilayani, omba wakugongee muhuri tarehe uliyopeleka ili wakichelewa muwe na karatasi. Timu ya serikali haiwezi kuruka bila kujua wapi wanalala, mara nyingi wanapoteza siku nzima kutafuta tu.

Wakati mnasubiri, kaeni kikao cha majirani wa shamba, mpangiane zamu za kuamia ili watoto warudi shule, maana asubuhi na jioni ndo kwelea anakula sana, mchana jua kali anapumzika kwenye vichaka. Watu wazima wawili watatu kwa kila eka kadhaa wanatosha kama mnapokezana. Na wakija kupuliza waambieni majirani wote wasichote maji karibu na pale na mifugo isipelekwe. Ukishapata jibu la wilayani lete hapa tuone wamesemaje.